Ubeti wa Tatu Uko Kwako

Euless, Texas, 2018

Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Salamu zikufikie umekaa, chai iko karibu. Mama ameamkaje? Magoti bado yanamsumbua? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wangu wa simu unausikiliza halafu unanyamaza, na mke wa pasta wetu anasafiri kuja huko Bukavu. Barua hii atakupa mkononi, hutaweza kuizima.

Ulisema nitafute mshairi mwingine huku huku Amerika amalizie wimbo wetu, eti Kifaransa chako ni cha shule na mimi sasa ni mtu wa dunia. Mtu wa dunia gani, yaya? Napakia mizigo kwenye depo karibu na uwanja wa ndege. Kutwa nasikia Kiingereza, na nikirudi nyumbani binti yangu ananijibu Kiingereza. Lakini nikifungua sauti yako unasoma ubeti huku unagonga meza, kama papa, baba yetu, alivyotufundisha kukariri, hapo gitaa langu linajua pa kwenda. Nimejaribu bila mkono wako huo mezani, nimeshindwa.

Jumamosi niliimba wimbo wetu kwenye harusi Houston. Bado una beti mbili tu: watoto wamekawia njiani, wamefika nyumbani, wanagonga, wanaita, "Ouvre, maman, c'est nous," fungua, mama, ni sisi. Ubeti wa tatu, wa mama kufungua, hujauleta. Sasa tajiri mmoja wa Katy, mji wa jirani na Houston, ndiye aliyelipia ukumbi, akataka pale palipobaki wazi nitaje jina lake na la mke wake. Unatujua sisi wanamuziki wa Kongo, jina la mkubwa halikosi ndani ya wimbo. Nikamwambia, "Papa, unisamehe, hapo pana mwenyewe." Akanuna mpaka keki ikakatwa. Nikapiga gitaa tupu, watu wakacheza hivyo hivyo.

Tulipomaliza, mama mmoja wa Uvira akanifuata hadi kwenye gari. "Kijana, hao watoto ndio umewaacha nje?" Nikaingia garini. Njia nzima ya kurudi nililia, sikufichi.

Hata binti yangu anauliza. Kiitikio anakiimba kwa ulimi wa Texas, ungemsikia ungecheka, halafu ananiuliza kama bibi atafungua au hapana. Nimemwambia shangazi yake ndiye anajua.

Nisalimie mjomba wa duka la dawa, na shemeji yangu fundi seremala, na watoto wako wote. Mama mshike mikono kwa niaba yangu, umshike kwa muda.

Ubeti huo, yaya, sitauandika mwenyewe, na sitampa mtu mwingine. Wewe ndiye unalala nyumba moja na mama. Unajua mtu akigonga jioni mama anasema nini kabla ya kuondoa komeo. Mimi nimesahau.

Mdogo wako anayekungoja,
Baraka