Amplifaya Ilivyoninasa, na Mchi wa Mama Mkwe

Jumapili. Hapa Mtoni mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, maana mkono wa kushoto umefungwa mpaka kwenye kiwiko na umevimba kama andazi.

Leo nilikuwa nife.

Hiyo sentensi nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Bado naiona kama habari ya mtu mwingine.

Mnaonisoma hapa mnaujua ugonjwa wangu: mashine za muziki za kizamani, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani rangi ya chungwa kama makaa yanayotaka kuzimika. Wenzangu ofisini wana spika za kutia mfukoni. Mie nina amplifaya ya kubebwa na watu wawili. Hii ya sasa niliitoa Kinondoni, kwa familia iliyokuwa inahama. Ilikuwa chini ya ngazi na kuku alishaigeuza kiota. Nimesugua kinyesi kwa mswaki, nimebadilisha nyaya zilizotafunwa na panya, nimetoa kapasita zilizopasuka nikaweka mpya. Jana iliwaka kwa mara ya kwanza. Ilinguruma tu, muziki hakuna, lakini iliwaka, na mie nilikaa naitazama kama mtu aliyeletewa mtoto.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, hakufurahi. Anaishi nasi tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Kila nikiwasha mashine ya valvu, hujikusanya na khanga zake akaenda kukaa kibarazani, hata jua liwe la utosi. Anaziita majeneza. "Leo umeleta jeneza gani?" Nilidhani labda ni dini, muziki haumpendezi. Lakini taarabu kwenye simu ya mke wangu Zuhura anaisikiliza mpaka mabega yanacheza. Basi nikajiambia ananidharau, mwanamume mzima anachezea makorokoro. Nimeishi na wazo hilo miaka, na nilikuwa nimeshalizoea.

Leo mchana Zuhura alikwenda sokoni. Bi Mwanaidi alikuwa koridoni anatwanga kisamvu, kwa kuwa uani kumejaa maji. Isingekuwa mvua, angekuwa uani, na haya nisingeyaandika.

Kanuni ya kwanza ya mashine hizi kila fundi anaijua: ukipima umeme ikiwa imewashwa, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Na uvae viatu. Mie nilikuwa peku, sakafu ina unyevu uliopenya chini ya mlango, na mkono wa kushoto umeshika ukingo wa bati la mashine ili isiteleze. Wa kulia ukateleza na waya wa mita, ukagusa penye umeme.

Sikurushwa kama watu wanavyosimulia. Nilinasa.

Vidole vilijikunja vyenyewe kwenye bati vikakataa kufunguka. Nilitaka kupiga kelele, kifua kikawa kama kimefungwa kamba. Nakumbuka niliwaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba kumbe ndivyo inavyokuwa.

Kisha nikaona khanga, na mchi unashuka.

Aliupiga mkono wangu kwa nguvu zote, nikausikia mfupa. Nikaanguka na kiti. Bi Mwanaidi, ambaye asubuhi tunamshika kwapa ili ainuke kitandani, aliruka waya uliokuwa sakafuni, akazima swichi ya ukutani kwa ncha ya mchi, akarudi kupiga magoti kando yangu.

"Vuta pumzi. Haya, niite."

"Mama."

"Niite tena."

"Mama."

Kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, kisamvu kimemrukia mpaka usoni, naye anaangalia ukuta.

"Yule nilimshika kwa mkono," akasema. "Sikujua. Nikamshika kwa mkono."

"Nani, Mama?"

"Baba yake Zuhura."

Lazima nieleze. Mke wangu hamkumbuki baba yake. Alikuwa bado anatambaa alipofariki, na maisha yake yote ameambiwa kwamba ni moyo. Kwa sababu hiyo chumvi haigusi. Kila mwaka anakwenda kupimwa, na kila mwaka anaambiwa mzima, haamini. Alipokuwa na mimba ya binti yetu alikuwa anaamka anauweka mkono wangu kifuani pake, nimsikilizie kama bado kunapiga. Hatukuzaa tena. Tuliogopa.

Bi Mwanaidi alinieleza palepale sakafuni. Walikuwa wanaishi Gongo la Mboto. Mumewe alikuwa anatengeneza redio ya jirani, kubwa, ya sanduku la mbao, ya valvu kama hizi zangu. Bi Mwanaidi alimkuta amenasa. Akamkumbatia amvute, umeme ukampiga naye, ukamtupa chini. Alipozinduka, mume alikuwa ameshaondoka duniani. Ndugu wa mume wakaanza maneno: umeme umewapitia wote wawili, mbona yeye kapona? Ana nini mwanamke huyu?

"Nikachoka kujibu," akasema. "Nikambeba mtoto mgongoni, nikahama. Kila aliyeniuliza nikamwambia moyo."

Sikumwona Zuhura alivyoingia. Nilisikia kikapu kikidondoka. Alikuwa mlangoni, analowa, nyanya zinabingirika kuelekea kwetu.

"Si uliniambia moyo?"

"Moyo ulisimama, mwanangu. Hapo sikukudanganya. Sikukuambia kilichousimamisha."

Zuhura alizivuka nyanya. Alininyanyua, akanipakia kwenye bajaji, tukaenda zahanati. Mfupa una ufa, moyo hauna neno. Daktari aliponiambia moyo uko salama, mke wangu alicheka vibaya, kicheko kama cha mtu anayekohoa, akatoka nje kusimama mvuani. Nikamfuata. Akaniambia neno moja tu: "Watoto." Nikaelewa anahesabu waliokosa kuzaliwa.

Tumerudi tukakuta sebule imepigwa deki, mashine imefunikwa shuka. Nimemwambia Bi Mwanaidi kesho naitoa nyumbani, na nyingine zote zifuate. Amekataa. Amesema aliichukia redio miaka yote hii, na leo ameona hana ugomvi na redio. Ila nisiiguse tena nikiwa peku, na nisiiguse kabisa kama sina mtu karibu. Nimekubali. Nilitaka kumbusu mkono, nikaona haya, nikasema asante kama mtu aliyepewa chai.

Zuhura alikuwa amejifungia chumbani. Kitambo kidogo baada ya magharibi alitoka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia chumbani kwa mama yake. Nilijiandaa kusikia ugomvi. Kuta zetu nyembamba, hata kikohozi kinapita.

Hakugomba. Alikuwa anauliza. Alikuwa mrefu? Alikuwa ananibeba? Alikuwa anaongea sana au mkimya? Maswali ya mtoto mdogo, kwa sauti ya mwanamke mwenye mvi. Na mama yake anajibu moja moja, kwanza kwa shida, halafu kwa haraka, kama bomba lililozibuka.

"Alikuwa anachekaje?" Zuhura akauliza.

Kisha Bi Mwanaidi akakiigiza: kicheko kikubwa, kinaanzia puani, kinapanda, kinakatika katikati kwa kuvuta pumzi, halafu kinaanza upya.

Nimesimama hapa koridoni na simu mkononi. Kicheko hicho nakijua. Nimelala nacho kitanda kimoja tangu nioe.