Kaseti ya Mwaka Kogwa

Sanyuanli, Guangzhou
Julai 1998

Dada yangu Muzdalifa, wa Makunduchi,

Habari za khitma ya mama zimenifika. Sisi wazima. Mvua haikatiki, mzigo nilionunua soko la Shahe umelowa, na mimi toka asubuhi nakaa nainuka, naosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Umeniomba nakala ya ile kaseti, mama akiwaongoza wanawake kuimba siku ya Mwaka Kogwa, anawatukana wanaume kwa Kikae chetu cha Makunduchi mpaka pumzi zinamwisha. Usiniombe tena. Juzi niliiweka nimsikie. Ikatoka sauti ya mwanangu Ilham, anaimba nyimbo za skuli yao, Kichina kitupu, upande wa kwanza mpaka wa pili.

Niliinua mkono, dada. Sijampiga tangu nimzae.

"Mama," akasema, "nilidhani kaseti mbovu. Nilimsikiliza bibi mpaka mwisho, sikuelewa hata neno moja."

Miaka tisa namsemesha Kiswahili cha mjini, asije akachekwa kama tulivyochekwa sisi. Mkono ukabaki juu, sijui nimpige nani.

Nirekodie nyingine, wewe na shangazi. Matusi yale yale, msipunguze. Mpaka ifike, namwimbia mwenyewe ninayoyakumbuka, naye anafuatisha. Jana nilikumbuka mistari minne. Leo mitatu.

Fanya haraka.

Mdogo wako,
Bimkubwa