Picha Zilizoingia Pipani

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii. Natumaini goti limetulia, na bibi harusi wetu mtarajiwa bado anakula, maana nasikia wasichana wa siku hizi hujinyima mpaka gauni linawapwaya siku ya siku. Sisi huku tunaendelea. Ukisoma mpaka mwisho utajua tunaendeleaje.

Usishangae kuona herufi za mashine. Sijamlipa mtu. Nimeandika mwenyewe, kwa vidole hivi vilivyozoea sindano na cherehani. Mwalimu wangu ni mdogo wako, na barua hii ni zoezi alilonipa. Alianza ghafla tu. Alisema amechoka kukaa mbele ya kompyuta, na kwamba mke wa mpiga picha asiyejua picha zimewekwa wapi ni sawa na mgeni nyumbani kwake. Nikamjibu kwamba mgeni hupikiwa, mimi napika. Akacheka, lakini akanivutia kiti.

Wifi, siku za mwanzo zilinitoa jasho. Kipanya nilikishika kama nimeshika chura. Mdogo wako akanieleza kwamba folda ni kama droo, na ndani ya droo unaweza kuweka droo nyingine. Mimi nikanogewa, nikatengeneza droo ndani ya droo ndani ya droo, mpaka picha za ubatizo wa watoto wa jirani zikapotelea huko ndani na tukazitafuta asubuhi nzima. Hakunigombeza. Alinionyesha pia pipa la taka, akaniambia kitu kikitupwa humo hakijapotea mpaka pipa limwagwe. Unamjua alivyo na hasira za karibu, kwa hiyo upole ule ulinishangaza, lakini nikaupokea bila maswali.

Kilichonishinda ni majina. Picha zake zote za miaka yote ziliitwa kwa namba zilizotolewa na kamera, na yeye alikuwa akizitambua kwa kuzitazama tu. Mimi namba hazikai kichwani. Nikaanza kuziita ninavyozijua: Bwana Harusi Aliyelia Kuliko Mkewe, Shangazi wa Kofia ya Kuazima, Mtoto Aliyekataa Kushuka Mezani. Alipenda mno. Kila jioni akawa ananiomba nimsomee majina yale kwa sauti, huku amefumba macho na kutabasamu. Nami nikavimba kichwa, nikadhani nina kipaji cha uchekeshaji.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi nilifanya kosa ambalo bado linanitetemesha. Kwenye uso wa skrini kulikuwa na alama ya folda ya harusi, yenye kamshale kadogo pembeni. Ndani ya mashine nikaikuta folda yenye jina lile lile. Mimi, kwa tabia yangu ya kuchukia vitu viwili viwili, nikasema moja inatosha, nikaitupa ile ya ndani. Kumbe ile ya mshale ilikuwa mlango tu. Chumba chenyewe ndicho nilichokitupa. Nikabofya ile ya mshale, nikaambiwa hakuna kitu. Nikarudi kule ndani, nikakuta weupe mtupu. Harusi zote, wifi. Kazi ya maisha yake.

Hapo hapo akaingia, akavuta kiti, akakaa. Nilikauka. Nilisubiri mngurumo. Akasogeza uso mpaka karibu na kioo, akatazama ule weupe kwa muda, kisha akanipigapiga begani, akasema nimezipanga vizuri sana, sasa zinapendeza, hata yeye asingeweza.

Kwanza nilidhani ananikejeli. Nikamgeukia nimwombe radhi, nikauona uso wake. Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa ananipongeza kwa moyo mweupe, mbele ya skrini isiyokuwa na picha hata moja.

Alipokwenda kuoga nilifungua pipa la taka nikazirudisha zote, salama. Kisha nikakaa nikalia. Mambo yote yakaanza kujipanga yenyewe: chai anayomimina mpaka inafurika, vichwa vya watu vilivyokatwa kwenye picha zake za karibuni akasema kamera imezeeka, upole wake, ile hamu ya kusomewa majina. Hakuwa amechoka na mashine. Alikuwa ananikabidhi vitu vyake kabla giza halijamfungia kabisa.

Wifi, mdogo wako haoni. Anaona mwanga na kivuli, labda na umbo la mtu, basi. Hajui kwamba najua. Nilimpima kwa mbali, nikasema twende sote tukapime macho, yangu yananisumbua. Akaniambia niende peke yangu, ya kwake mazima. Nimemuuliza muuguzi anayepanga chumba chetu cha uani. Amesema yapo macho yanayorudi, na yapo yasiyorudi ila kilichobaki huokolewa, lakini lazima daktari ayaone mapema. Kila siku anayoficha inanikata maini.

Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, na mpaka leo ukikohoa anakaa sawa. Njoo. Usimwambie nimesema. Njoo kama mgeni, umwone mwenyewe akikumiminia chai, kisha umshike mkono umpeleke hospitali. Na kwa harusi ya mwanao, tafuta kimyakimya mpiga picha mwingine, lakini mdogo wako mwachie kamera yake shingoni. Nakuomba sana hilo.

Uliniita Kasuku tangu nilipoolewa, kwa kuwa hakuna siri inayolala kinywani mwangu. Hii nimeshindwa kumwambia hata mwenyewe, na yuko hapa. Amekaa ubavuni mwangu tangu mstari wa kwanza, bega kwa bega, uso wake kwenye skrini. Nimeyaandika yote haya mbele yake kwa herufi kubwa kama za bango.

Sasa hivi ameniuliza nimefika wapi. Nimemjibu nimefika kwenye salamu. Basi wasalimie shemeji na watoto wote, na bibi harusi mwambie ale. Mdogo wako naye anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba mwanafunzi wake ameiva, barua haina kosa hata moja, amejionea mwenyewe.

Ni mimi wifi yako,
Kasuku