Rangi ya Tatu ya Tabaga

Jumanne, Januari 2008

Stima imerudi, na mimi naomba izimike tena.

Habuba Zainabu, yule bibi Mnubi jirani yetu, alikuja leo kutoka kwa ndugu yake anakokaa sasa. Nyumba yake iliungua wiki jana kwenye ghasia za uchaguzi, pamoja na tabaga aliyosuka mama yake, kile kifuniko cha chakula chenye rangi nyingi.

“Wewe mtoto wa Kikamba, si uliipiga picha? Ya yale makumbusho yenu ya shule, ya kwenye kompyuta. Hebu nionyeshe.”

Niliipiga, Desemba, kwa kamera ya mwalimu wetu. Kamera ilijaa, nikahamishia picha zote kwenye kompyuta ya saiba, lile duka la intaneti pale Kianda, halafu nikazifuta kwenye kamera. Nilijiona mjanja. Saiba nayo sasa ni majivu.

“Stima hakuna, Habuba,” nikasema, bila kumwangalia.

“Haya, ikirudi.”

Akaanza kunitajia rangi za tabaga. Nyekundu, kijani... akasita. Ya tatu ilikuwa imempotea.

“Si kitu,” akasema. “Utaniambia wewe ukiiona.”

Mimi pia siikumbuki. Siku ile macho yangu yalikuwa kwenye kamera tu.