Flashi ya Shemeji

Namungo, Ruangwa
9 Machi 2008

Dada mpenzi Tabitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku ni wazima, ila mvua imekatika na ufuta unanyauka. Miguu yako je, bado inavimba?

Simu zangu hupokei, basi naandika, na barua nampa kondakta wa basi la Nachingwea. Dada, hadi lini? Tangu shemeji yako Dastani achomeke flashi yake ya miziki kwenye kompyuta yako siku ya kumaliza matanga, na virusi vikala kila kitu, hata maneno uliyomrekodi mama akituaga, mimi sina raha. Ninyi wote mliyasikia. Mimi uliniambia ningoje wageni wapungue, sikuwahi. Sijui hata kama alinitaja. Adhabu hiyo haitoshi?

Sasa na sisi tumenunua kompyuta, maana Dastani alibahatika machimboni. Nawachapia walimu mitihani. Nimeifunika kitambaa cha kufuma na chumba nakifunga kufuli, lakini imeanza kusuasua na mafaili yanapotea. Wewe umekuwa katibu muhtasi miaka yote. Nifundishe kuilinda.

Mdogo wako,
Goreti

Nachingwea
30 Machi 2008

Goreti,

Milele amina. Natumaini watoto hawajambo. Miguu ni yangu, niachie.

Kitambaa na kufuli! Virusi si mwizi wa kuku. Vinaletwa na mkono wa mtu wa nyumbani, tena yule unayempikia. Kwa hiyo anza na mumeo. Mtengenezee akaunti yake ya kuingilia, isiyo na ruhusa ya kuweka programu, na neno la siri la mwenye mashine ulijue wewe peke yako. Flashi yoyote, hata ya paroko, unapoichomeka shikilia kitufe cha Shift isijifungue yenyewe, halafu ipitishe kwenye programu ya kuua virusi ndipo uitazame. Programu yenyewe lazima ipate nyongeza mpya mara kwa mara, maana virusi navyo vinazaliwa kila siku. Kama hamna intaneti, mtu aende Masasi akazichukue.

Juu ya yote, nakala. Kila cha maana kiweke kwenye CD, na CD isikae na mashine. Mwenye nakala moja hana kitu.

Nakupa haya ili watoto wa watu wasikose mitihani. Usidhani nimesahau. Mama aliugua kwangu kiangazi chote mpaka masika, na Ruangwa si Ulaya. Ulisema Dastani hawezi kuachwa peke yake na shimo lake la machimboni. Ukaja tumeshatoka makaburini Ruponda, umevaa kitenge kipya.

Dada yako,
Tabitha

Namungo, Ruangwa
22 Juni 2008

Dada yangu,

Amani ya Bwana. Hatujambo, ila mwanangu mdogo alishikwa na malaria, sasa anacheza. Pokea karanga hizi, ni za shambani kwetu.

Mashine imepona. Dastani alinuna wiki nzima kwa lile neno la siri, nami sikumpa. Juzi mwalimu mmoja kaleta flashi, nikafanya ulivyosema, programu ikapiga kelele na virusi vikanaswa mlangoni. Nilicheka peke yangu, nikatamani ungeona.

Lakini jana, nikiwa naweka nakala kwenye CD, nikaitoa barua yako nikaisoma tena. Dada, wewe uliyeniandikia kwamba mwenye nakala moja hana kitu, ulikuwa na nakala moja tu ya mama?

Mdogo wako,
Goreti

Namungo, Ruangwa
17 Agosti 2008

Dada,

Shikamoo. Kondakta anasema barua uliipokea mkononi na karanga ukazichukua. Sikuombi mengi. Niandikie ndiyo au hapana. Nikose kulala kwa sababu ninayoijua.

Goreti

Nachingwea
14 Septemba 2008

Goreti,

Marahaba. Afya yangu si mbaya, na karanga zilikuwa tamu.

Ndiyo, ninayo. Niliinakili siku ile ile niliyomrekodi, mama bado yu hai. CD iko sandukuni, chini ya vitenge vyake. Mumeo alinipotezea kazi za watu tu, barua na kadi za michango. Ulipoangua kilio sebuleni mbele ya wageni kwamba sauti ya mama imepotea, nikaona niache iwe hivyo. Nilifurahi, Goreti. Usinitafutie neno jingine.

Unataka kujua kama anakutaja. Anakutaja. Mimi niliyembeba kwenda bafuni na kumnywesha uji kaniachia maagizo: mbuzi arudishwe kwa jirani, paa la jiko lizibwe, sanda isiwe ya gharama. Basi, yameisha. Halafu anaanza kwako, na hamalizi. Anasema polepole, kwa Kimakua, kwa jina alilokuita utotoni. Kila nikisikiliza nalia kwa hasira.

Usije kunibishia hodi, wala usimtume padri. Nikitaka nitakuletea mwenyewe, nisipotaka basi.

Katikati ya maneno anayokuambia wewe, mama anakatiza, anauliza kama basi la Ruangwa limeingia. Inasikika sauti yangu nikimjibu, "Bado, mama." Halafu anauliza tena.

Mama alikungoja. Ngoja na wewe.

Dada yako mkubwa,
Tabitha