Kiberiti Kilikuwa Mkiani mwa Ndege

Rafiki yangu Nikafor, sikuwa na kiberiti mfukoni. Sikuwa na kisu, wala glavu za akiba, wala samaki mkavu. Vyote nilivipanga begini, na begi lilikuwa mkiani mwa ndege.

Injini ikazimika juu ya milima. Ikazimika kabisa!

Rubani Darlene akaniuliza, "Mzee, mfukoni una nini?"
"Miwani."
"Begi likiungua na ndege, utaota moto wa miwani?"

Akajaribu tena na tena, injini ikawaka theluji ikiwa karibu kutugusa. Nimefika salama.

Oksenia alinionya mlangoni: "Kiberiti tia mfukoni, mume wangu." Nikamcheka!

Hana simu, kwa hiyo nimemwandikia kwamba alisema kweli, nikafunga bahasha. Darlene anarudi huko kwetu sasa. Hakuitia kwenye gunia la posta. Ameiweka ndani ya koti lake.