Udi Kwenye Manowari

Safarini, 9 Februari 2023

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai wewe na dada Riyama hamjambo, na lile goti lako limetulia. Mimi mzima.

Ile manowari niliyokwambia hatimaye tumeitoa gatini. Ililitumikia jeshi moja la Ulaya miaka thelathini, ikapigana vita viwili, kisha ikaachwa inaota kutu mpaka walipoiuza. Sasa ina bendera ya nchi nyingine na jina jipya ubavuni. Mimi ni mmoja wa mafundi tunaowafundisha wenyewe wapya, walioinunua, mitambo yake. Mabaharia wa zamani na wapya tumo humo humo, tunagombania hata kahawa.

Juma lijalo tutafunga gati hapo Malindi, Unguja, na raia wataruhusiwa kupanda. Njoo, baba. Miaka kumi na mbili niko Ulaya, sijakuona. Nataka wenzangu wakujue.

Mwanao,
Kheir

Malindi, 20 Februari 2023

Mwanangu Kheir,

Salaam nyingi. Sisi wazima, alhamdulillahi, hofu ni kwako. Naandika kwa mkono wangu. Riyama ataipiga picha tu akurushie, nimemkataza kusoma. Atasoma.

Nakutaka radhi. Sisi Watumbatu chombo kikipata mwenyewe mpya hukifukiza udi na kukisomea dua, na chenu kimebadili mwenyewe na jina juu yake. Ndiyo maana nilipanda na chetezo. Sikujua kwamba chuma kile kinanusa moshi. King'ora kikalia, mabaharia wakanijia na mipira ya maji, kanzu yangu ya Idi ikarowa chepechepe, na nusu ya Malindi inatazama.

Mkubwa wenu alipouliza, "Nani anamjua mzee huyu?" nilikutazama. Ulikuwa mbele yangu pale. Ukatazama buti zako. Basi nikamwambia mkalimani nimepotea, natafuta boti ya Dar. Barazani nako nimewaambia hukuwamo melini.

Usidhani nimekasirika. Nimeona haya tu, kwa kukufedhehesha mbele ya wenzako.

Baba yako,
Matar

Safarini, 2 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Hali zenu? Mimi mzima wa mwili.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Aliyefedhehesha ni mimi. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: babaangu. Nimewazoesha kuniita fundi mkubwa, nikaogopa kwamba wakikutazama wewe wataniona mimi. Na si hilo tu. Wakati wa chakula waliigiza ulivyokuwa unakimbia na chetezo, nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Nimeshamwambia mkubwa wangu yule mzee ni nani. Akaniuliza, "Mbona hukusema?" nikatazama tena buti zangu. Wenzangu nao wameacha mzaha, wananinyamazia, na hilo ndilo linalonichoma.

Mwezi ujao meli itapita tena Malindi. Nitakuja barazani mchana kweupe, watu wote wapo, nikubusu mkono, niseme mimi ni mtoto wa nani. Ningoje.

Mwanao,
Kheir

Malindi, 23 Julai 2023

Mwanangu Kheir,

Salaam nyingi. Sisi wazima, hofu ni kwako, kuliko siku zote.

Meli ilikuja, ikakaa siku nne. Riyama alipika biriani, tukaila wenyewe. Mimi sikubanduka barazani, usije ukanikosa, na wote nimeshawaambia unakuja.

Siku ya mwisho alikuja baharia mmoja wa wale wenyewe wapya, rika lako, mkononi ana picha yangu kwenye simu. Ndiye aliyenimwagia maji. Aliinama mbele ya watu, akanibusu mkono, akasema Kiswahili cha kufundishwa: "Baba, nisamehe."

Shamsi, kinyozi aliyehamia mtaani wewe hupo, akaruka: "Mzee Matar! Ndo Kheir huyu?" Waliokuwa wakikujua wengine wameshakufa, wengine macho hawana. Wote wakanigeukia, wananingoja. Nilikusudia kusema siye. Lakini wangeniuliza wangu yuko wapi. Nikaona haya. Nikamshika bega, nikasema, "Naam, ndo yeye."

Wakampa mkono mmoja mmoja, wakamwagizia kahawa. Walisema Ulaya imekusahaulisha Kiswahili.

Nilipomwingiza ndani nilimuuliza habari zako. Akanionesha chini, kama kwenye mitambo, kisha akajifunika uso kwa mikono miwili. Nikafahamu kuwa hakuna aliyekuzuia kushuka.

Nimekusamehe, hilo usilitie shaka. Lakini ukija siku moja, mwanangu, sijui nitawaambia wewe ni nani.

Baba yako,
Matar